Bendera Nyekundu ya Kilomita Kumi na Saba

Felismina Tivane hamwamini mtu mwenye viatu safi. Usidhani ni uzee unaomsumbua. Alifundishwa na marehemu mumewe, Zefanias, mshika bendera wa kituo cha Kilomita Kumi na Saba, miaka ile ya vita ambapo kila aliyeshuka kwenye treni ilibidi atazamwe kuanzia chini kwenda juu. Mwenye udongo mwekundu anatoka shamba. Mwenye masizi anatoka bandarini. Asiye na kitu kabisa kwenye soli, huyo mtu muulize alilala wapi na kwa nini. Vita viliisha, Zefanias akafa, kizuizi cha barabarani kikang'olewa, lakini Felismina hajaacha. Anakuuzia mkate na bajia huku macho yake yako miguuni pako.

Kilomita Kumi na Saba hakijawahi kupewa jina. Wareno walipokuwa wanajenga reli kutoka mjini Maputo walisimika jiwe la kuhesabia, wakaweka tangi la maji ya kunywesha injini za mvuke, mengine wakayasahau. Watu wakaja wakajenga karibu na tangi, kanisa likaja, soko likaja, na namba ikabaki kuwa jina letu. Jengo la kituo lina mlango mmoja uliozibwa kwa matofali. Ule ulikuwa wa wazungu, sisi tuliingilia nyuma. Mwaka wa uhuru mkuu wa kituo alipanda treni yake ya mwisho na saa ya ukutani kwapani, kama vile muda ulikuwa mali ya mama yake, na mpaka leo pale ukutani pana duara jeupe ambapo saa ilikuwa. Abiria wapya huwa wanalitazama wakidhani ni urembo.

Nyumba ya mshika bendera iko pale jukwaa linapoishia: vyumba viwili, bati, na mkorosho mlangoni. Humo ndimo Felismina aliletwa akiwa bibi harusi, humo alizalia watoto wanne, na humo mumewe alimfia mikononi. Kila alfajiri, kabla treni ya saa kumi na moja na nusu haijaingia, anakaanga bajia ambazo nusu ya vibarua wa Maputo huanza nazo siku. Lakini nyumba hiyo hana karatasi yake hata moja. Reli ilimpa Zefanias kwa mdomo, na alipokufa hakuna aliyekuja kumwambia mjane kaa wala ondoka. Miaka kumi na tisa amekaa hivyo, roho juu. Na mwaka jana, kwenye vituo viwili vya mbele, walikuja watu na ndoo ya rangi nyekundu wakachora misalaba kwenye kuta, wakisema inakuja njia ya pili ya treni. Baada ya misalaba likaja tingatinga.

Sasa wewe niambie, ungekuwa Felismina, ungempokeaje yule kijana aliyeshuka Jumanne asubuhi na shati la mikono mirefu, daftari, na futi ya kupimia?

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri. Bajia ngapi?"

"Nne. Naitwa Helder Chirindza, natoka reli. Mwakani kituo kinatimiza miaka mia moja, nimetumwa kuandika historia yake."

Felismina alikuwa ameshafika kwenye viatu. Vyeusi, vya kamba, na juu ya soli zake ungeweza kulia chakula.

"Historia," alisema. "Kwani kituo kimekufa?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kijana naye akacheka, na hilo halikumsaidia, maana katika nyumba ile mtu anayecheka upesi alihesabiwa kuwa anatafuta kitu.

"Kipo hai, mama."

"Haya. Mimi nilijua wasifu unasomwa msibani tu. Mkate wako huo, dokta. Sogea, watu wana treni."

Akasogea, lakini hakuondoka. Akaenda kupima jukwaa, akapima mlango uliozibwa, na mwisho akaja kupima ukuta wa nyumba, upande wa mkorosho. Felismina alimwona kupitia dirishani akiandika. Akaacha bajia zake, akatoka.

"Mtu wa historia na futi, tangu lini?" alimuuliza Salomao.

Salomao Cuna ni fundi viatu. Miaka kumi na miwili amekaa chini ya ngazi za jukwaa na nyundo yake, hatua ishirini kutoka mlango wa Felismina, na kila siku anakula bajia zake kwa mkopo wa mdomo. Kazini havai viatu kabisa. Anasema fundi viatu mwenye viatu ni kama mpishi aliyeshiba (hajui njaa ya mteja), na watu wamezoea kumcheka kwa hilo.

"Shemeji, sikiliza," Salomao alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni mtu wa tingatinga. Historia ni gia tu. Wanatafuta nyumba za reli zinazokaliwa na wajane, maana hizo ni mali yao, wanazichukua bila fidia. Ukisema mumeo alikuwa mtu wa reli, umekwisha. Sema mlinunua kwa Mreno aliyekimbia. Na kile kibendera chako kifiche."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi? Mimi ni fundi viatu, nani ataniuliza?"

Ikawa hivyo. Siku ile ile neno likazunguka kituo kizima, na usifikiri sisi watu wa hapa ni wagumu kutishika. Kijana akimuuliza muuza makaa babu yake alifika lini, anaambiwa babu hajawahi kuwepo. Akimuuliza mama wa samaki kuhusu tangi la maji, mama wa samaki anashangaa, tangi gani? Na liko nyuma yake. Kwa siku tatu Kilomita Kumi na Saba kikawa kituo ambacho hakuna aliyekijenga, hakuna aliyekifanyia kazi, na watu wake wote walifika juzi.

Jumatano Helder Chirindza alirudi kwa Felismina. Akanunua bajia sita, akakaa kwenye kreti la soda bila kukaribishwa.

"Mama, nyumba hii ilijengwa na nani?"

"Mreno."

"Jina lake?"

"Walikuwa wote wanaitwa bosi."

"Mliipataje?"

"Tulinunua. Alikuwa na haraka."

"Na mzee wako alikuwa anafanya kazi gani?"

Hapo Felismina alichelewa kidogo. Alikuwa anageuza bajia. "Alikuwa na ng'ombe," alisema. Zefanias, ambaye aliogopa ng'ombe mpaka siku ya kufa. Kijana aliandika: ng'ombe. Felismina aliona aibu, lakini aibu ya mdomo inavumilika kuliko kulala nje na masufuria, ndivyo alivyojiambia. Jioni alichukua vitu vya marehemu, kofia, filimbi, na bendera nyekundu, akavifukia ndani ya gunia la unga wa kunde.

Bendera ya kijani haikuwepo ya kuficha. Habari yake kila mtu wa hapa anaijua. Mwaka wa themanini na sita, saa sita ya mchana, treni ya abiria ilisimama hapa kwa sababu mbele reli ilikuwa imelipuliwa, na wenye bunduki walisemekana wako vichakani. Ndani ya behewa la pili mwanamke mmoja, mgeni, alishikwa na uchungu. Zefanias alimbeba mpaka kitandani kwake. Felismina akachemsha maji, akakata kitovu kwa wembe, na Zefanias alisimama mlangoni mchana kutwa akiwaelekezea vichaka bendera nyekundu, kama vile risasi nazo zina breki. Mtoto alipotoka hapakuwa na nguo safi hata kipande. Akafungwa kwenye bendera ya kijani, ambayo Felismina mwenyewe alikuwa ameishona pindo kwa uzi mweupe wiki iliyotangulia. Kesho yake ikaja treni ya kuwachukua abiria, mama akapanda na mtoto wake na bendera yetu. Kabla ya kuondoka alisema mtoto ataitwa Zefanias.

Basi Zefanias akapata somo, na Felismina akapata mume wa pili. Kwetu mtoto aliyepewa jina la mumeo ni mumeo. Humwiti kwa jina. Unamwita mume wangu, unampikia mbele ya watu wote, unamsema kwamba hakuvishi, naye hana budi akuletee kitenge. Kumfukuza mlangoni haijawahi kusikika. Miaka yote Zefanias akimuudhi, Felismina alikuwa anamjibu, "Endelea tu, mume wangu mdogo anakua." Hata baada ya msiba aliwahi kusema hivyo peke yake, akifagia. Lakini yule mtoto hakuonekana tena, na wengi tuliamini vita vilimchukua.

Alhamisi alasiri Helder alikuja mara ya mwisho. Safari hii hakutoa daftari. Alikuwa amechoka, shati limechomoka kwenye suruali.

"Mama, nisamehe kukusumbua. Nimeuliza kila mtu, nimebaki na wewe. Hapa palikuwa na mshika bendera anaitwa Zefanias Tivane. Ulipata kumjua?"

Jina zima, na ukoo. Wameshapata faili, Felismina aliwaza, sasa wananitega niseme kwa mdomo wangu. Akamtazama Salomao kule ngazini. Salomao akatikisa kichwa polepole, hapana.

"Simjui," Felismina alisema.

"Hata kwa kusikia?"

"Kijana, nimesema simjui mtu huyo. Hapa hajapata kuwepo."

Helder alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa kuna msiba. "Ahsante, mama," alisema, na akaenda kusubiri treni ya saa kumi na moja na robo. Felismina akaingia ndani, akakaa kwenye gunia la unga. Alijiambia ameshinda. Nyumba bado yake. Hakusikia furaha yoyote.

Treni iliingia. Hapo hapo mlango ukagongwa, akaingia Nelsa, binti anayekata tiketi, na bahasha kubwa ya karatasi ya kaki.

"Mama Felismina, mimi nimekaa kimya kwa sababu mlisema tukae kimya," Nelsa alisema, na alikuwa amekasirika. "Lakini hiki sikiwezi. Yule kaka ameniachia hii dirishani. Amesema, akitokea ndugu yeyote wa Zefanias Tivane, nimpe. Nikamwambia subiri, akasema hana haja, mwenyeji wa nyumba amemwambia huyo mtu hajawahi kuwepo. Umemwambia hivyo? Baba Zefanias aliyenifundisha kupuliza filimbi?"

Felismina akafungua. Kilikuwa kitenge, kipya, cha rangi ya machungwa, kimekunjwa vizuri. Ndani ya kitenge kulikuwa na kitambaa kingine, kikuukuu, kijani kilichopauka mpaka karibu na kijivu. Alikigeuza. Pindo lilikuwa la uzi mweupe, mishono mikubwa mikubwa, ya mtu aliyejifunza kushona peke yake.

Pamoja nacho kikaratasi. Nelsa akamsomea: "Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Aliniusia niirudishe. Kazini na shuleni ni Helder, lakini nyumbani naitwa Zefanias."

Nje kondakta akapuliza filimbi.

Mtu wa miaka sitini na sita hakimbii, lakini Felismina alikuwa ameshapindua gunia. Unga ukamwagika sakafuni, kofia ikaanguka, akachukua bendera nyekundu akatoka mbio peku, unga umempaka mpaka kwapani. Treni ilikuwa imeanza kusogea. Hakwenda jukwaani kupiga kelele. Alikwenda pale barabara inapokata reli, pale alipomwona mumewe akisimama miaka ishirini na minane, akaingia katikati ya njia, akakunjua bendera. Mkono mmoja umenyooka mbele, kiwiko hakitikisiki, mkono mwingine nyuma ya mgongo. Hakuna mshika bendera mwingine kwenye njia hii aliyekuwa anaweka mkono mgongoni, na kila dereva mzee alilijua hilo.

Breki zilipiga mayowe mpaka mbwa wa sokoni wakakimbia. Injini ilisimama, si mbali naye. Dereva akatoa kichwa dirishani, mzee mwenye mvi, jasho linamtoka.

"Mama, una wazimu?" Kisha akatulia. "Mungu wangu. Nilidhani nimemwona Tivane."

"Umeiona bendera yake," Felismina alisema, na alisema kwa sauti ya kufika behewa la mwisho. "Ni ya Zefanias Tivane, mume wangu, mshika bendera wa hapa. Nyumba ile ni ya reli, hatukununua. Mwenye kutaka kuichukua na aje. Lakini humo ndani yumo mume wangu mwingine na nimemfukuza bila chakula. Mshusheni."

Madirisha yote yalikuwa yamejaa vichwa. Mwanamke mmoja akasema kama ni yule mwenye suruali ya bluu basi na yeye anamtaka, watu wakaangua kicheko. Helder aliteremka polepole, mkono kwenye mlango, kama mtu asiyejua kama ardhi ipo.

Felismina akatazama viatu. Mazoea ni mazoea. Vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kamba, vumbi letu la siku tatu.

"Mama," Helder alianza.

"Mama yako nani? Mwanaume gani anamwita mkewe mama?" Felismina alikuwa analia na hakujificha. "Miaka thelathini na nane unanivisha kitenge kimoja, tena unaniachia dirishani kwa watu. Twende ukale. Na kwanza nisamehe. Nilikukana wewe na yeye kwa mara moja."

Dereva akapiga honi, akasema wengine wana wake zao wanaowangoja, treni ikaenda.

Helder alikula wali na kachumbari na samaki wa kukaanga, mbele ya watu wote, jinsi inavyotakiwa. Baadaye akatoa daftari. Alitaka kufuta kuhusu ng'ombe. Felismina alimsimamisha.

"Ukurasa huo mwingine umeandika nini? Hapo pana namba ya nyumba yangu."

Helder alifungua ukurasa huo. "Ni maelezo ya fundi viatu. Alinifuata mwenyewe Jumanne. Alisema baba yake ndiye aliyekuwa mshika bendera, mzee Cuna, na kwamba nyumba ni ya urithi wake, wewe umepangishwa tu. Nyumba za watumishi wa zamani zinaandikiwa hati kwa familia zao, mama. Samahani, mke wangu. Zilizonunuliwa kiholela ndizo zinazovunjwa. Tulitangaza. Hukuambiwa?"

Felismina aligeuka kuelekea ngazini. Pale palibaki msumari mmoja na kipande cha mpira. Salomao alikuwa ameshafunga vifaa vyake, na mara ya mwisho kuonekana alikuwa anatembea kufuata mataruma kuelekea kituo cha mbele, peku. Miaka kumi na miwili Felismina alikuwa ametazama viatu vya Maputo nzima, na yule pekee asiye navyo ndiye aliyekuwa akila bajia zake kwa mkopo.

Usiku haukuisha kabla kila mtu hajamkumbuka babu yake. Muuza makaa alikuja mbio, mama wa samaki alileta tangi lake la maji lote, na Helder aliandika mpaka kalamu ikaisha.

Wiki tatu baadaye watu wawili walishuka na ndoo za rangi. Felismina alitoka na kijiko cha bajia mkononi akasimama mbele ya ukuta. Alitazama viatu vyao muda mrefu, halafu akasogea. Walichora kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, wakampa karatasi yenye muhuri, wakanunua bajia, wakaondoka na treni.

Rangi ilipokauka akaenda na kucha, akakwangua kidogo pembeni ya herufi ya kwanza aone kama chini yake hakuna nyekundu. Hakukuwa na kitu, chokaa tu. Ndipo akamwita Nelsa atoke dirishani, amsomee ukuta. Nelsa akasoma: Zefanias Tivane, mshika bendera. Felismina akamwambia asome tena, safari hii kwa sauti, kituo kisikie.